Filamu ya sebuleni huingia kwa sikio

Tangu kampuni ya televisheni ya kulipia ya Ufaransa, Canal+, ikamilishe kuinunua MultiChoice, wenye DStv, mwezi Septemba 2025, mazungumzo juu ya mtazamaji wa Afrika Mashariki yamerudia wimbo uleule. Wachambuzi wa biashara hutunga matukio kama shanga: Netflix ilifungua huduma ya bure kwa simu za Android nchini Kenya Septemba 2021, ikaifunga Novemba 2023, Amazon Prime Video ikatangaza Januari 2024 kwamba inasitisha kugharamia kazi mpya barani Afrika, MultiChoice yenyewe ikapoteza zaidi ya wateja milioni 2 wa visimbuzi katika miaka 2 kabla ya kuuzwa. Kisha hutolewa hukumu yenye sehemu mbili. Ya kwanza, kwamba mtazamaji wetu hana fedha za kulipia filamu kila mwezi. Ya pili, inayosemwa kwa sauti ya chini kidogo, kwamba hata angekuwa nazo asingejua azitumie kwa filamu ipi, maana ladha yake ni ngumi, kelele na vilio, na maoni yake juu ya filamu huishia kwenye "nzuri" au "mbaya". Sehemu ya kwanza ina ukweli ambao nitaurudia. Ya pili ni kosa, na naamini lina mkono wake katika hasara nyingi zinazosingiziwa umaskini.

Ninachotaka kusema ni hiki. Maoni ya mtu anayetazama filamu nyumbani kwake, baada ya kazi, watoto wakiwa sakafuni na chungu kikiwa jikoni, ni uhakiki kamili. Una vigezo, una kumbukumbu ya kulinganisha, na una adhabu, maana rimoti iko mkononi mwake. Vigezo hivyo havikutoka chuo cha sinema wala jopo la tamasha; vimezaliwa na njia ambazo filamu imetufikia na mahali inapotazamwa. Kinachovitangulia vyote ni kwamba nyumbani kwetu filamu husikilizwa kabla ya kutazamwa. Asiyelijua hilo atasoma takwimu za wateja mwaka mzima na asitambue wamekimbia nini.

Mimi nililielewa kwa shangazi yangu, Tanga. Sebuleni kwake kuna televisheni ya inchi 32 juu ya kabati, na rimoti imevikwa mfuko wa nailoni uliofungwa kwa raba bendi, vumbi na mafuta ya mikono visiingie. Baada ya swala ya Isha huketi mkekani, mgongo kauegemeza kwenye kochi, ungo mapajani, akachambua mchele wa kesho. Macho yake yako kwenye chuya na vijiwe. Katika dakika 10 atainua uso labda mara 3 au 4: sauti ya mtu ikipanda, mlio wa gari ukikatika ghafla, au kimya kikizidi kiasi. Filamu ikiisha atakueleza nani alimdanganya nani, na kwa nini yule dada mdogo alijua siri siku zote. Siku moja tuliweka filamu iliyosifiwa sana kwenye matamasha: picha za kupendeza, maneno machache, tafsiri ikipita kwa maandishi chini ya kioo. Baada ya nusu saa akauweka ungo kando. "Mwanangu, picha hii haina mtu wa kumwonea huruma," akasema. Nilitaka kuitetea, nikaanza hata kumweleza. Usiku ule ndipo nilipotambua kwamba alikuwa amesema jambo la kweli kabisa juu ya ile filamu. Mtu wa kuonewa huruma alikuwamo, ila uchungu wake wote ulikuwa machoni pake na katika yale maandishi. Katika sauti hakuwekewa chochote. Kwa mtu mwenye ungo mapajani, mtu huyo hakuwamo.

Ili kuona kwamba hii si tabia ya shangazi mmoja, inabidi turudi nyuma. Kizazi kilichotangulia kilitazama picha katika majumba: Avalon na Empire za Dar es Salaam, Majestic ya Zanzibar, na mengine katika kila mji wa pwani wenye bandari au stesheni ya reli. Jumba la sinema lina nguvu moja ambayo sebule haina, nayo ni giza. Umelipa, umeketi, taa zimezimwa, jicho halina pa kwenda isipokuwa kwenye turubai. Filamu ya Kihindi ikipigwa kwa Kihindi, watu waliifuata kwa nyuso, nyimbo na kujua mapema kwamba mama atateseka. Nyumbani mambo yakawa mengine. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilikaa bila kituo hata kimoja mpaka 1994. Maana yake ni kwamba katika nyumba nyingi za Bara deki ya video ilitangulia kuingia kuliko matangazo ya televisheni. Tuliijua filamu ya nyumbani kabla ya taarifa ya habari ya nyumbani. Na iliingia sebuleni taa ikiwaka, mlango ukiwa wazi, majirani dirishani, mtu mmoja akiwajibika kuwaeleza wengine kinachosemwa. Kila mtaa ulikuwa na huyo mtu. Mara nyingi alikuwa kijana wa sekondari, na Kiingereza chake hakikuwa kingi, lakini alijua kazi yake: akikwama kwenye neno, alisimulia sura.

Kazi ya kijana huyo ndiyo iliyogeuka kuwa fani. Katika vibanda umiza vya Dar es Salaam, yaani vibanda vya mtaani vya kuonyeshea video, kwenye mabenchi ya mbao na joto la kuumiza kweli, Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alisimama na maikrofoni akiitafsiri filamu huku inakwenda, halafu sauti yake ikaanza kurekodiwa juu ya kanda na kusafiri nchi nzima. Kenya imempata DJ Afro, ambaye sauti yake imeingia vijijini kwa diski na flashi kuliko sauti ya mwigizaji yeyote. Uganda wana VJ wao, yaani wasimulizi wa filamu, wanaosimulia kwa Kiganda, na huko Wakaliga mtaani Kampala mtengenezaji Nabwana I.G.G. aliona thamani ya sauti hiyo kiasi kwamba filamu yake ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, ilipokwenda duniani ilikwenda na usimulizi wa VJ Emmie ndani yake. Wageni waliocheka na kuipenda walikuwa wanasikia kitu ambacho watu wa Afrika Mashariki walikuwa wamekizoea miaka mingi: filamu yenye mtu wa pili ndani, anayekaa upande wako.

Watu waliosoma hulidharau jambo hili, na naelewa kwa nini. Mtafsiri huyu hatafsiri. Huwapa wahusika majina mapya, huongeza methali, humkaripia adui, hutabiri, hukosea nchi na mwaka. Lakini tazama anachokifanya kwa makini zaidi. Kila baada ya dakika chache hurudia ni nani yule na anataka nini: "Huyu ndiye aliyemuua baba wa steringi, sasa amejifanya rafiki." Kwa mtu aliyekaa gizani kwenye jumba, maneno hayo ni usumbufu. Kwa mama aliyekwenda kugeuza chapati akarudi, ni daraja. Kwa baba aliyeingia saa tatu usiku filamu ikiwa katikati, ni karibu-kiti. Mtafsiri ameisoma sebule, akajua kwamba watu huingia na kutoka, kwamba umeme hukatika na kurudi, kwamba mtoto atalia, na akaijenga upya filamu ili iweze kuishi humo. Huo ni uhakiki wa vitendo. Amesema: filamu hii, kwa namna ilivyotengenezwa, ina mahali inapomwacha mtazamaji wangu, na mimi nitapaziba hapo.

Sasa tuje kwenye kesi iliyotuumiza zaidi, ambayo ni ya filamu zetu wenyewe. Bongo Movie ilipovuma katikati ya miaka ya 2000, sebule ziliipokea kwa mikono miwili. Hakuna aliyehitaji mtafsiri tena. Watu walizungumza kama wanavyozungumza Sinza na Magomeni. Mwigizaji wake maarufu, Steven Kanumba, alipofariki dunia tarehe 7 Aprili 2012, umati uliojaa Dar es Salaam kumzika ulionyesha mapenzi ambayo hakuna kampuni ya nje iliyowahi kuyapata kwetu. Lakini hata katika miaka ile ya neema, maoni ya sebuleni yalikuwa tayari yanatoa onyo, na nakumbuka lilivyokuwa kwa sababu lilisemwa kwa maneno yaleyale kila nyumba. "Gari limeingia getini, bado linaegeshwa." "Wanasalimiana mpaka chai inapoa." "Kumbe mpaka nikanunue na ya pili!" Filamu moja iliuzwa kwa diski mbili, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, na ili ziwe mbili hadithi ilivutwa: mwigizaji anashuka ngazi yote, anavuka ua wote, anafungua mlango, anakaa, anafikiri huku kinanda kikipigwa. Majina ya filamu yalikuwa ya Kiingereza hata pale ambapo hakuna mhusika anayeongea Kiingereza, na chini ya kioo yalipita maandishi ya Kiingereza ambayo hayakumsaidia Mwingereza wala Mswahili.

Malalamiko hayo yalionekana ya kitoto. Msikilizaji wa hadithi, hata hivyo, alikuwa anasema kitu cha kiufundi kabisa. Kuvuta muda kwa picha bila maneno ni kumnyima chakula mtu anayefuata kwa sikio. Zile dakika 3 za gari na geti, kwa shangazi mwenye ungo, ni dakika 3 za kinanda tu. Anaanza kufikiria mambo mengine. Baada ya mara ya tano hanunui tena. Aprili 2017 wasanii wa filamu waliandamana Kariakoo kupinga uuzaji wa filamu za nje zilizokuwa zikiuzwa kwa bei ya kutupa, nyingi zikiwa na tafsiri za Kiswahili. Kwa upande wa sheria walikuwa na haki: nakala zile hazikulipiwa kwa wenye mali, na hakuna anayeweza kushindana na bidhaa ambayo muuzaji wake hakugharamia kuitengeneza. Lakini bei peke yake haielezi kilichotokea. Watu wale wale waliokuwa wakinunua kazi za Kanumba hawakuamka siku moja wakawapenda Wakorea kwa sababu ya shilingi 500. Walikuwa wamesema kwa miaka kadhaa nini kinawachosha, na aliyewasikiliza alikuwa mtafsiri wa kibandani. Mtengenezaji hakuwa akisikiliza.

Ushahidi wa upande wa pili upo, na mwingine ulitoka mbali. Mwaka 2011 TBC, televisheni ya taifa ya Tanzania, ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyopewa jina la Mao Doudou na Mama Wakwe Zake, ikiwa imeingiziwa sauti za Kiswahili. Hakukuwa na nyota hata mmoja aliyejulikana kwetu. Nyumba zao hazikufanana na zetu, wala chakula. Ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping, alipozuru Dar es Salaam Machi 2013, aliitaja kwenye hotuba yake. Baadaye Azam TV ikaleta Sultan, tamthilia ya Kituruki, nayo kwa sauti za Kiswahili, na kuna wakati ukipita uchochoroni saa ya kipindi ulisikia sebule tano mfululizo zikisema jambo moja. Wengi walidhani siri ni mavazi na majumba ya kifalme. Mavazi yana sehemu yake, lakini Mao Doudou hakuwa na taji. Kilichofanana ni kwamba zote mbili zilikuwa hadithi za ndani ya nyumba, ugomvi wa wanawake na wakwe, uliobebwa na maneno, kwa sauti za watu wanaokijua Kiswahili cha kutongozana, cha kusutana na cha kuombana radhi. Unaweza kuosha vyombo na usikose kitu. Na kazi za Tanzania zilipojipanga upya kwa namna hiyo, sebule zilirudi bila kinyongo. Huba na Jua Kali za Maisha Magic Bongo zimekuwa gumzo sokoni na saluni, na zimetengenezwa na watu wa tasnia ileile iliyoambiwa imekufa kwa sababu Watanzania hawapendi vya kwao.

Kuna hoja zinazopinga haya. Iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika sana: kwamba mtazamaji wa kawaida anataka mambo mepesi, steringi asife, mwisho uwe mwema, na kwa hiyo maoni yake hayawezi kuongoza kazi ya maana. Tuanze na steringi. Ni kweli kwamba watoto wa mtaani hufundishana kuwa steringi hafi. Lakini filamu gani ya kigeni imekaa kwenye nyumba zetu muda mrefu kuliko Titanic ya 1997, ambamo kijana anaganda majini akafa mbele ya mpenzi wake? Wazee waliotazama picha za Kihindi katika majumba bado wanaitaja Mother India ya 1957, ambayo mwisho wake mama anampiga risasi mwanawe wa kumzaa. Hakuna mwisho mgumu kuliko huo. Sebule haikatai kifo. Inakataa kifo ambacho hakikuandaliwa, mtu anayekufa kwa sababu mwandishi amechoka. Ukimsikiliza anayelalamika kwamba "steringi kafa bure", neno zito ni hilo la mwisho. Anaidai hadithi hesabu yake. Huwezi kumwita mvivu wa fikra mtu anayefuatilia tamthilia ya sehemu zaidi ya 100, akikumbuka deni la sehemu ya 12 linapolipwa kwenye sehemu ya 90.

Hoja iliyo nzito zaidi ni ya aibu. Filamu ya nyumbani hutazamwa na watu ambao hawangekaa safu moja kwenye jumba la sinema: baba mkwe, mtoto wa miaka 7, dada wa kazi, mgeni aliyekuja kwa mazishi. Sote tunajua lile tendo: wawili kwenye kioo wanasogeleana, na mkono unaruka kwenye rimoti kabla hawajafikiana. Kigezo hiki kina bei. Kuna hadithi za kweli juu ya mateso ya ndani ya ndoa, juu ya watoto walioharibiwa na ndugu, ambazo sebule itazizima katika dakika ya 20 kwa sababu hakuna anayejua aangalie wapi. Nikisema maoni ya nyumbani ni uhakiki, sisemi yana haki ya kuamua kila kitu kinachotengenezwa. Hadithi za namna hiyo zinahitaji simu, spika za masikioni na chumba; zinahitaji pia ukumbi na tamasha kama ZIFF, ambalo limekuwa likikusanya watu Zanzibar tangu 1998. Hata hivyo naona watengenezaji hujificha nyuma ya aibu kuliko wanavyozuiwa nayo. Waswahili wamesema mambo mazito mbele ya wakwe kwa karne nyingi, kwa mafumbo, kwa taarabu, kwa kanga. Mtu anayejua kusema jambo hilo kwa sauti, bila kulionyesha, atakuta sebule imetulia kuliko alivyofikiri. Hapa tena sikio lina uwezo ambao jicho halina.

Halafu kuna hoja ya haki miliki, ambayo siikwepi. Fani ya kutafsiri filamu ninayoisifu imesimama juu ya mali ya watu wengine, na kibanda kinachojaza filamu kwenye flashi kwa bei ya soda hakimpelekei aliyetunga chochote. Anayeumia kwanza ni mtengenezaji wa hapa, kwa sababu yule wa Hollywood ana masoko mengine 100. Kwa hili nasimama na wasanii walioandamana. Ninachopinga ni tiba inayopendekezwa kila mara, ya kukamata diski na kufunga vibanda halafu kusubiri watu wageukie huduma halali. Huduma hiyo halali, ilipokuja, ilikuja na nini? Maelfu ya filamu kwa Kiingereza, maandishi chini, na bando. Kwa maelezo ya Netflix yenyewe, saa 1 ya picha ya ubora wa kawaida hula hadi GB 1, na ya ubora wa juu hadi GB 3. Ile huduma ya bure ya Kenya ilikuwa ya simu tu, yaani ilitengenezwa kwa jicho la mtu mmoja kwenye kioo cha kiganja, ikapelekwa kwa watu wanaotazama pamoja. Iliondolewa ada, lakini bando lilibaki, upweke ulibaki, na lugha ilibaki ngeni. Ilipofungwa ikaandikwa kwamba hata bure wamekataa kugeuka wateja. Mimi nasoma matokeo hayo kwa namna nyingine: waliupima mlango ambao watu wa nyumba hii hawaingilii.

Hapa ndipo suala la fedha linapoungana na suala la ladha, na ndipo wachambuzi wanapolitenganisha kimakosa. Nyumba ya kipato cha chini hulipia kisimbuzi kwa mwezi ambao ina fedha na kuruka mwezi ambao haina. Kitu cha kwanza inachojiuliza kabla ya kulipia ni nani nyumbani atakitumia. Kama anayefaidi ni kijana mmoja mwenye Kiingereza na simu nzuri, fedha hiyo itakwenda kwenye ada ya shule. Kama bibi, mama, watoto na jirani wote wanafuatilia kipindi kimoja saa moja ya usiku, kisimbuzi kitalipiwa hata kwa kuchangishana. Lugha na sauti, kwa hiyo, si pambo linaloongezwa baada ya hesabu kukamilika. Ndizo zinazogawanya gharama ya kifurushi kwa watu 7 au kuiacha kwa mtu 1.

Canal+ ina sababu ya kulijua hili kuliko wengi. Katika nchi inakofanya kazi kwa miaka imeanzisha Maboke TV kwa Kilingala na Zacu TV kwa Kinyarwanda, na haikufanya hivyo kwa hisani. Sasa imepata visimbuzi vya Tanzania, Kenya na Uganda, huku ikiwa tayari na wateja Kongo, Rwanda na Burundi. Kampuni hiyo moja inaingia sebule za Goma, Bukavu, Kigoma, Mombasa na Unguja kwa pamoja. Uamuzi utafanyika mbali, na watakaoamua wataletewa ripoti kwamba eneo hili lina kipato kidogo na ladha ya chini. Ningependa waletewe na ripoti nyingine: ya kile ambacho wafasiri wa vibandani wamekigundua kwa miaka zaidi ya 20 bila kulipwa utafiti. Hao ni watu wa kupewa leseni na studio. Bodi ya Filamu Tanzania na wenzao wa Kenya wangeweza kuweka utaratibu ambao mtafsiri analipia haki, anatambulika kwa jina lake, na kazi yake inauzwa kihalali kando ya ile isiyo na usimulizi. StarTimes imewahi kuendesha mashindano ya kutafuta sauti za Kiswahili nchini Tanzania, na vijana walioshinda wakaenda Beijing kufanya kazi ya kuingiza sauti. Sioni kwa nini kazi hiyo isifanyike Tanga au Kisumu.

Na kwa watengenezaji wa kwetu, nina ombi moja la kiufundi. Kabla filamu haijatoka, iwekeni nyumbani kwa mtu, geuzeni televisheni itazame ukuta, muisikilize nzima mpaka mwisho. Mahali ambapo hamjui nani anaongea, pana kasoro. Mahali ambapo muziki umefunika neno, pana kasoro. Mahali ambapo mnangoja tu mtu aseme kitu, pana mtu fulani mwenye ungo ambaye ameshaacha kuwafuata. Hii haizuii picha nzuri. Amil Shivji alipotoa Vuta N'Kuvute mwaka 2021, kutoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, alileta Zanzibar ya miaka ya 1950 kwa picha zilizoifikisha kwenye tamasha la Toronto, na bado ile ni filamu ambayo unaweza kufumba macho ukakifurahia Kiswahili chake. Vitu hivi viwili vinakaa pamoja kwa anayetaka vikae.

Mwaka jana shangazi alikuwa anafuata tamthilia moja ya kigeni kwa Kiswahili, na alikuwa amefika nayo mbali. Katikati ya msimu, bila taarifa, aliyekuwa anaingiza sauti ya mama wa bwana harusi akabadilishwa. Sura ilikuwa ileile, nguo zilezile, chumba kilekile. Nilikuwa nimekaa naye na sikugundua chochote. Shangazi aliinua uso kutoka kwenye ungo, akatega sikio kwa sentensi mbili, tatu. "Huyu siye," akasema. Akasubiri tena kidogo, kama mtu anayempa mwingine nafasi ya kujieleza, kisha akaufunika mchele kwa sahani, akanipa rimoti, akaenda kulala. Kesho yake nilimwamkia, nikamuuliza kama tutaiendeleza. "Yule mama nilishamjua, mwanangu," alinijibu. "Huyu wameniletea mgeni."